Nailoni ya Pikipiki Mpya

Pikipiki iliyomvunja Bertin mguu ililazwa uani kwa polisi wa mji wa Baraka, karibu na pipa la maji, na kila aliyepita alisimama, akaitazama, akatoa hukumu yake kwa neno moja: wivu.

Kamanda Bonaventure naye alikuwa na neno hilo hilo, ila lake lilikuwa na haraka.

"Émilienne, dossier iko clair. Bibi alifanya jaluzi, akalegeza moto ya bwana. Andika PV. Gari ya parquet inarudia Uvira mbele ya saa sita. Clarisse anapanda, tunamaliza." Moto huku ni pikipiki, PV ni hati ya polisi ya upelelezi, na parquet ni ofisi ya mwendesha mashtaka.

"Niache niangalie moto kwanza, Commandant."

"Utaona nini pale? Ni chuma."

"Bantu nimeuliza bote. Chuma njo sijauliza."

Watu kweli alikuwa amewauliza. Wawili walimwona Clarisse jioni ya kabla ya ajali, amepiga magoti kando ya pikipiki ya mumewe na spana mkononi. Wengine wengi walimsikia sokoni, kwenye meza yake ya ndagala, akimwambia Bertin kwamba pikipiki hiyo itamvunja yeye na yule Mrundi wake. Asubuhi iliyofuata Bertin, ambaye kazi yake ni kubeba abiria, alimpakia yule Mrundi, Nella Kanyange, mama wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda anayeuza sabuni, wakapanda naye hadi soko la Fizi. Katika kurudi, kwenye mteremko, mkono wa kulia unaoshika gurudumu la mbele ulikatika. Bertin alivunjika mguu na Nella akavunjika mkono.

Kesi tamu. Mpelelezi yeyote angeitaka, na Inspekta Émilienne Wilondja aliitaka kuliko wote, kwa sababu mbuzi wa kwanza wa mahari wa Bertin hawakufungwa kwa kina Clarisse. Walifungwa kwa baba yake Émilienne, wakala majani ya huko msimu mzima, kisha Bertin akabadili nia na mbuzi wakarudishwa. Baraka nzima inajua. Tuseme wazi: Émilienne alimwonea Clarisse wivu tangu siku mbuzi walipofunguliwa, na cheo cha polisi hakikuupunguza wivu huo hata kidogo. Angeweza kuikataa kesi hii. Aliipokea kwa mikono miwili.

Sasa akachuchumaa kando ya pikipiki.

Ilikuwa bado imevaa nailoni ya kiwandani. Madereva wa huku hawaivui. Mtu akinunua pikipiki mpya huiacha nailoni kwenye vyuma vyote mpaka jua liichane lenyewe, ili kila anayepishana naye barabarani ajue kwamba ni mpya na aumie kidogo. Bertin alipenda sana kuumiza watu kwa namna hiyo. Juu ya mahali palipokatika, nailoni ilikuwa imebanwa na utepe wa kiwanda wenye maandishi mekundu. Chini yake pia utepe ulikuwapo. Katikati nailoni ilikuwa imechanika kwa kuvutwa, si kwa kisu.

Émilienne aliitoa iliyobaki polepole, akakigeuza chuma kwenye jua.

Chuma kilichokatwa na msumeno hung'aa na huacha mistari. Hiki kilikuwa na kutu ya kahawia karibu pote, na ukingo mwembamba tu uling'aa, ule uliomalizikia mteremkoni. Tena ndani kabisa ya ufa kulikuwa na rangi nyeusi, ile ile ya pikipiki nzima. Rangi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haujakuwapo. Basi ufa ulitangulia rangi, rangi ikatangulia nailoni, na nailoni hakuna aliyeigusa tangu kiwandani.

Alibaki pale akikishika kile chuma, na hakufurahi. Kilikuwa kinamshusha Clarisse kutoka kwenye gari la Uvira kabla hata hajapanda. Lakini spana ilikuwa haijajibiwa bado, na Émilienne akaikumbatia hiyo spana kwa roho yake yote.

Clarisse aliletwa kutoka mahabusu akiwa na kilemba chake cha sokoni. Hata mle ndani alikuwa amekifunga vizuri. Émilienne aliliona hilo na likamuudhi.

"Ile jioni ulishika clé, ile spana," alianza.

"Nilishika."

"Ulifungua nini?"

"Kitu yangu."

"Kitu gani?"

"Utume mwingine aniulize. Weye sikuambie."

"Mwingine hakuna. Ukinyamaza, unapanda gari."

"Nitapanda."

"Na batoto?"

Hapo Clarisse aliinua macho, na yalikuwa mekundu. "Batoto beko kwa mama yangu. Nikikuambia ile nilifanya, utacheka mpaka nitasikia kicheko yako kule Uvira. Nilishakushindaka mara moja, Émilienne. Siwezi kukupa hii."

Aliyemkopesha spana alikuwa Willy, fundi wa pikipiki kwenye maegesho ya madereva. Émilienne alimkuta ameketi juu ya tairi, na mbele yake kulikuwa na pikipiki ya Tai, alama ile ile ya pikipiki ya Bertin, rangi ile ile nyeusi, imevuliwa gurudumu la mbele.

"Clarisse ulimupa clé gani?"

"Quatorze. Hii hapa, alirudisha ile usiku."

Émilienne aliichukua ile spana namba kumi na nne, hakumuuliza zaidi. Aliijaribu kwenye nati ya gurudumu, ilikuwa ndogo. Aliijaribu kwenye boliti za mikono ya mbele, haikuingia. Akapanda nayo juu, nati kwa nati, mpaka kwenye usukani, na pale chini ya kioo cha kutazamia nyuma, ile retro, spana ikakaa sawasawa.

Pikipiki iliyolala uani kwa polisi ilikuwa na retro moja tu. Ya kulia. Asubuhi alidhani ya kushoto imevunjikia mteremkoni, lakini tundu lake lilikuwa safi, na katika vitu vilivyookotwa barabarani hapakuwa na kipande cha kioo.

Aliirudisha spana. Alikuwa ameshaelewa, na joto lilimpanda usoni, kwa sababu kuelewa kule hakukutoka kwenye kazi ya polisi.

"Hii moto ni ya nani?" aliuliza, apate tu la kuuliza.

"Ya mwalimu mumoja wa Fizi. Mukono ya mbele ilikatika."

"Ilikatika wapi?"

Willy alionyesha kwa kidole. Mahali pale pale.

"Juu ya nini hakukuja polisi?"

"Aje kufanya nini? Alienda kwa Guy mwenye kumuuzishia. Guy akamuambia, hii ni kazi ya muntu wa wivu, akamupa mukono ingine bure, akamuomba anyamaze juu bale ba wivu basirudilie. Mwalimu anajua ni jirani yake. Bameacha kusalimiana."

"Kuko mwingine?"

"Creuseur mumoja, anachimba zahabu kule Lulimba. Ule alifukuza shemeji yake ndani ya nyumba."

"Na weye uliona zote zinakatika pahali pamoja, ukanyamaza?"

"Niseme nini, Inspecteur? Bantu beko na wivu kweli. Hata mi, ile moto ya Bertin iliniumizaka." Willy alicheka kidogo, kisha akaacha. "Tena si yake. Ni Clarisse alinunua, na feza ya ndagala. Facture, ile risiti, iko kwa jina ya Clarisse."

Émilienne aliwapigia simu wote wawili, mwalimu na mchimbaji, akiwa amesimama pale pale. Kila mmoja alieleza kisa chake kwa uchungu na kutaja adui yake kwa jina. Hakuna aliyejua kwamba kuna mwenzake.

Duka la Guy lilikuwa njiani kuelekea bandarini. Pikipiki za Tai zilipangwa mbele yake, zote ndani ya nailoni, zinameremeta. Guy mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti laini, alimfungulia Inspekta sucré, soda baridi, kabla hajaketi.

"Pole na kazi. Nilisikia ni Clarisse. Wivu inaharibu mahari, inaharibu hata bachuma."

"Niazime wembe."

"Wembe?"

Alimpa, na alipoona wembe unaelekea kwenye nailoni ya pikipiki ya kwanza, sauti laini ilimtoka. "Apana! Unaniharibia! Nani atanunua moto yenye haina nailoni?"

Émilienne alipasua, akapitisha ukucha juu ya rangi, pale mkono wa kulia ulipochomelewa. Ukucha ulinasa kwenye ufa. Alipasua ya pili, ulinasa. Ya tatu ilikuwa nzima. Ya nne ulinasa tena.

"Kiwanda njo ilifanya," Guy alisema. "Mi naletewa ndani ya sanduku ya mbao, nafungua, nauzisha. Nitaona ndani ya chuma na macho gani?"

"Ya mwalimu uliona. Ya creuseur uliona. Ulibadilisha bure."

"Roho nzuri."

"Na ukabaambia ni wivu. Ile siku ya mwalimu ungeweza kuita bote benye kununua, uangalie moto zao. Ukauzisha ingine kwa Clarisse."

Guy alimsogezea chupa. Alipoanza tena alikuwa amerudisha sauti yake.

"Émilienne, tuongee kama bantu ba Baraka. Ule mwanamuke alikunyanganya bwana. Leo iko ndani ya mikono yako, na bantu bote banasema ni yeye. Mi sijasema. We unatafutia nini chuma?"

Maneno yalimwingia. Asubuhi alikuwa ameyawaza mwenyewe, kwa ufupi zaidi. Na aliona kwa nini Guy anayataka: mwenye facture akifungwa kwa kuharibu pikipiki yake mwenyewe, nani atamdai muuzaji?

"Akienda Uvira, facture inaenda naye," alisema. "Njo unataka vile."

"Nataka amani. Ukikataa amani, avoka, wakili wangu, atakuuliza mbele ya juge juu ya mbuzi ya baba yako."

"Mbuzi beko ndani ya PV. Mustari ya kwanza. Na Commandant atasaini pamoja na mi."

Haikuwa kweli bado. Basi Émilienne akalifungua jalada juu ya kaunta, akaomba kalamu ya Guy, na akaandika pale pale, Guy akitazama, kwamba mpelelezi aliwahi kuwa mchumba wa majeruhi, na kwamba mahari ilirudishwa. Akamrudishia kalamu yake. Kisha akazifunga pikipiki zote kwa utepe wa polisi, na ile iliyo nzima pia. Sucré aliiacha.

Hospitalini Bertin alikuwa amelazwa na mguu umening'inizwa. Nella alikuwa kitanda cha ukumbini, ng'ambo ya mlango ulio wazi, mkono wa kulia ndani ya plasta. Juu ya kifua cha Bertin kulikuwa na karatasi iliyopigwa chapa.

"Guy alipita asubuhi," Bertin alisema. Alimtazama Émilienne kama anayetaka kujua kama bado anapendeza. "Ananipa moto mupya. Nasaini tu kusema mambo imekwisha."

"Moto ya Tai?"

"Ya Tai."

"Nimetoka kupasua nailoni yake. Karibu zote ziko na ufa kama ile ilikuangusha. Ukisaini, umefunga mulango na mukono yako. Mguu ukikataa kupona, hautamuuliza kitu tena."

"Nisiposaini nitakula nini? Tribunal?"

"Muuzishaji anajibu juu ya kilema chenye kilifichama ndani ya kitu aliuzisha. Hata akisema hakujua, anajibu. Lakini inaomba mununuzi anyanyuke mbio, akilala, anapoteza. Ile ni ya civil, ya kudai feza. Mi napeleka penal, ya jinai, juu ya kuumiza bantu kwa uzembe, na juu ya kudanganya bale benye kununua. Na ndani ya ile kesi, benye kuumia banaingia partie civile, banaomba malipo yao pale pale."

"Kiwanda iko mbali sana," Bertin alisema.

"Guy iko karibu."

Kutoka ukumbini ikaja sauti ya Nella. "Na mi? Sikununuaka kitu. Nilikuwa nalipa course, nauli tu. Tena mi ni wa kambi."

"Mukono uliovunjika ni wa nani?"

"Wangu."

"Basi una haki. Sheria haiulize kambi."

Nella aliinuka taratibu, akaketi. "Leta kalamu."

Alitia sahihi kwenye plainte, hati ya malalamiko aliyoiandaa Émilienne, kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zinazoyumba. Émilienne alisubiri amalize.

"Ile siku, retro ya kushoto ilikuwako?"

"Haikukuwako. Alikuwa anageuza kichwa kila saa aniongeleshe, nikamuambia, papa, angalia njia. Siku zingine anafanyaga na retro. Anaigeuza chini, anakuangalia uso njia muzima." Alisema bila aibu, maana aibu haikuwa yake. "Mi nilikuwa naangalia ziwa."

Bertin aligundua kitu cha kutazama darini.

"Facture ni ya Clarisse," alisema hatimaye. "Yeye akisaini, nasaini."

Gari la parquet lilikuwa limeshawasha injini uani Émilienne aliporudi. Alimtoa Clarisse mahabusu, akamketisha, akafunga mlango.

"Retro uliweka wapi?"

Clarisse alitazama mlango uliofungwa.

"Ulifungua ya kushoto, na quatorze. Quatorze haiguse mahali pengine penye panaweza kuangusha muntu. Uliifungua juu anaigeuzaga chini, inapata uso wa ule mwenye iko nyuma."

"Nani alikuambia? Nella?"

"Nilijua mbele Nella aseme."

"Namna gani?"

"Nilikuwaka nyuma," Émilienne alisema.

Clarisse alimgeukia. Mikono yake ilikuwa magotini, ikakunja kitenge na kukikunjua.

"Ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Mi pia njo pale alinionaka," Clarisse alisema. "Nilikuwa naenda Fizi, na moto yake ya zamani. Weye ulikuwa ungali na mbuzi kwenu." Akavuta pumzi. "Iko ndani ya unga ya muhogo. Nilitaka tu asione ule Mrundi. Kuanguka sikutaka. Nani angebeba ndagala yangu?"

Polisi wa zamu alitumwa kwa mama yake Clarisse, akarudi na kioo kimejaa unga, kizima, bila mkwaruzo. Kamanda Bonaventure alikiangalia, akaangalia kile chuma chenye rangi ndani ya ufa, akasoma mstari wa kwanza wa PV na kukohoa. Kisha akatia sahihi yake kwenye hati ya kumwachia Clarisse.

"Uko huru," Émilienne alimwambia. "Lakini hii plainte, bila mwenye facture, haina mguu." Akamwekea karatasi mbele.

Clarisse alisoma. Alipofika chini aliinua kichwa haraka.

"Huyu njo wa kwanza?"

"Alisaini wa kwanza."

"Juu ya moto yangu? Andika ingine. Nikuwe juu yake."

Nje, gari lilipiga honi.

"Ingine hakuna saa," Émilienne alisema. "Sikia. Nella akienda peke yake, Guy atamupa kitu kidogo, atanyamaza. Weye ukienda peke yako, atasema ni bibi wa wivu. Mwalimu wa Fizi alilia kwake, creuseur wa Lulimba alilia kwake, kila muntu akatafuta adui yake, na Guy akauzisha. Majina yenu zikiwa karatasi moja, hana pa kupita. Na ukikataa, gari inaenda bila plainte, na kesho anatoa ule utepe wangu, anaweka nailoni mupya."

Honi ililia tena. Clarisse alishika kalamu. Aliandika jina lake chini ya jina la Nella, akikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kwenye herufi ya mwisho.

"Nimesaini juu ya moto," alisema. "Si juu yake."

"Naandika vile."

"Na retro yangu?"

"Inabaki huku mpaka kesi iishe. Ni kielelezo."

"Basi igeuzeni kwa ukuta." Alifunga kilemba upya, akatoka, na uani alipishana na watu waliokuwa wakimsubiri apandishwe garini. Aliwapita bila salamu.

Émilienne alikigeuza kioo ukutani. Kisha akaivuta karatasi kwake. Juu kulikuwa na Nella, anayetazamwa siku hizi. Chini yake Clarisse, aliyeolewa. Chini yao kulikuwa na nafasi ya mpelelezi. Mahali pa tatu tena.

Akatia sahihi, akakimbia na karatasi kulisimamisha gari.